Kumfuatilia babu aliyekuja visiwani kwa jina lake: mwongozo kamili kwa wenye asili ya Unguja na Pemba

Swali linalonifikia mara nyingi kuliko yote ni hili: "Babu wa babu yetu alitoka nje, jina letu la mwisho ni fulani, sasa sisi ni watu wa wapi?" Wanaouliza wengi wameshahangaika. Wameliandika jina kwenye simu, wakatokewa na maelfu ya watu wa Oman au Bara Hindi wenye jina hilo, wasijue waanzie na nani. Wengine wamefunga safari hadi Nyaraka za Taifa pale Kilimani, wakamtajia mhudumu jina moja tu, wakarudi mikono mitupu.

Wote wanakwama pahala pamoja. Wanalitafuta jina kabla hawajamjua mtu aliyelibeba. Hapa tutakwenda kinyume chake: mtu kwanza, jina baadaye. Hatua sita za mwanzo utazimaliza ukiwa humu humu visiwani, kwa nauli ya daladala na heshima mbele ya wazee.

## Vitu vya kutayarisha

- Daftari moja kubwa lenye jalada gumu. Kila mtu apewe ukurasa wake, hata kama unajua neno moja tu juu yake.
- Kalamu za risasi mbili au tatu. Kwenye chumba cha kusomea nyaraka kongwe kalamu ya wino haitakiwi.
- Simu inayopiga picha safi na kurekodi sauti.
- Kitambulisho chako, pamoja na nakala za vyeti ulivyonavyo: vya kuzaliwa, ndoa na vifo.
- Mtu anayesoma Kiarabu cha mkono. Hapa watu hukosea sana. Maalim wa chuoni anaweza kuwa hodari wa msahafu na bado akashindwa na hati ya mwaka 1890, maana msahafu una irabu na nukta zote, na hati ya karani wa zamani mara nyingi haina. Tafuta aliyezoea barua na hati za mashamba.
- Subira ya miezi, si ya siku.

## Hatua ya 1: Panda ngazi moja moja

Anza na wewe. Andika jina lako, la baba, la babu, la baba wa babu, mpaka unapokwama. Kisha fanya hivyo hivyo upande wa mama. Kwa kila mtu andika alizaliwa wapi, aliishi mtaa au kijiji gani, alioa au aliolewa na nani, alikufa lini na amezikwa wapi.

Usiruke ngazi. Anayeruka humkuta mtu mwenye jina kama la babu yake, akamchukua, akajenga nasaba nzima juu ya mtu baki. Akina Salim bin Khamis walikuwa wengi mno mjini na mashamba. Kinachomtenganisha wako na wengine ni mkewe, shamba lake, jirani zake na kaburi lake.

Hatua hii imekamilika pale unapoweza kusema bila kusita: "Mhamiaji mwenyewe ni huyu, aliishi hapa, na mtoto wake wa kwanza kuzaliwa visiwani ni yule." Ukiwa bado unasema "mmoja katika mababu", rudi nyuma.

## Hatua ya 2: Jiulize jina lenu ni la aina gani

Hapa ndipo kazi nzima inapofaulu au kuharibika, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Huenda si jina la ukoo. Kawaida yetu ni majina matatu: langu, la baba, la babu. Jina la tatu hubadilika kila kizazi. Mtoto wa Ali Juma Makame huandikwa jina lake, kisha Ali, kisha Juma, na Makame hatoki tena. Ikiwa "jina la ukoo" lenu ni Makame, Juma au Khamis, basi limeganda tu kwenye cheti au pasipoti ya mtu mmoja, hasa aliyekwenda nchi ambazo kila mtu hutakiwa awe na jina la familia. Halitakwambia chochote kuhusu bandari aliyotokea babu.

Nisba ya kabila la Oman, yaani jina la mwisho linalotaja kabila la mtu. Hizi ndizo nyepesi kufuata, kwa sababu kila moja ina mahali pake. Al-Kharusi huelekea Wadi Bani Kharus. Al-Harthy na Al-Barwani huelekea Ibra na upande wa Sharqiya. Al-Riyamy huelekea Izki na Jabal Akhdhar, na Al-Abry huelekea Al Hamra. Lakini nisba inakuonyesha kabila lilikotoka. Huyo babu mwenyewe huenda alizaliwa Mombasa, na baba yake ndiye aliyevuka bahari. Mazrui wa Pemba wasianze Oman kabla ya kumalizana na Mombasa.

Majina ya Hadhramaut, Yemen ya leo. Dalili yake ni "Ba" mwanzoni: Bawazir, Bakathir, Bafadhil. Masharifu nao wana majina yao: Jamal al-Layl, Bin Sumeit, Aidarus, Al-Attas. Njia yao mara nyingi haikunyooka. Sayyid Ahmed bin Sumeit, mwanachuoni aliyefariki Unguja mwaka 1925, ukoo wao ni wa Shibam, lakini yeye alizaliwa Itsandra, Ngazija, katika visiwa vya Komoro. Anayelifuata jina hilo kutoka Unguja moja kwa moja hadi Shibam ameiruka Ngazija, na huko ndiko wanakokuwa mama, mashangazi na nusu ya habari.

Jina alilopewa na majirani. Mshihiri, Mmanga, Mngazija, Mbulushi, Mnyasa, Mmanyema. Mtu hajiiti hivyo kwao. Huko Shihr, bandari ya Hadhramaut, kila mtu ni wa Shihr! Jina hili ni la hapa, na linaweza kukosea. Mhadhrami yeyote aliyekuwa hamali, mchota maji au muuza kahawa aliitwa Mshihiri, hata kama kwao ni bonde la ndani, mbali na mji wa Shihr. Lichukue kama kidole kinachoonyesha upande, kisha utafute jina alilokuja nalo.

Lakabu iliyolifunika jina. Hamed bin Muhammed, mfanyabiashara aliyefariki Mji Mkongwe mwaka 1905, dunia nzima inamjua kwa jina la Tippu Tip. Nisba yake ni Al-Murjebi. Anayetafuta ukoo wa "Tipputip" kwenye makabila ya Oman atachoka. Jiulize kama jina lenu lina maana katika Kiswahili, au linafanana na sauti, umbile, kazi au tabia.

Majina ya Kihindi. Mengi hutaja mji au kazi. Mwimbaji Freddie Mercury, aliyezaliwa Unguja mwaka 1946, alikuwa Farrokh Bulsara, na Bulsara ni mtu wa Bulsar, mji wa Gujarat ambao sasa huandikwa Valsad. Mwisho wa "wala" hutaja kazi au mji. Mwisho wa "jee" au "bhai" mara nyingi ni heshima iliyobandikwa kwenye jina la babu. Kwa hiyo Karimjee asili yake ni mtu aliyeitwa Karim, na usiitafute kwenye ramani. Kwa Wagoa, Wahindi wa Goa iliyotawaliwa na Wareno, majina kama Fernandes na De Souza yaliingia kwa ubatizo. Hayakuelekezi Ureno. Yanakuelekeza kijiji cha Goa na kanisa lake.

Shirazi. Ukiambiwa "sisi ni Washirazi", usianze na tiketi ya Iran. Hapa kwetu hilo ni jina la wenyeji wa visiwa hivi wenye masimulizi ya asili ya mbali sana. Maandishi ya msikiti wa Kizimkazi yana tarehe inayolingana na mwaka 1107. Kazi yako itakuwa ya vijiji na milango (koo) ya hapa: Makunduchi, Tumbatu, Kojani, Tumbe.

Jina lililotokana na utumwa. Wengi hawataki kulisikia hili, nami nalisema kwa sababu nimeona watu wazima wakipoteza miaka kwa kulikwepa. Mabruki, Feruzi, Almasi, Marjani, Songoro na Uledi ni majina ambayo mara nyingi mabwana waliwapa watumwa wao. Waliopata uhuru, wengine walichukua nisba ya aliyekuwa bwana wao. Hivyo nisba ya Oman mwisho wa jina inaweza kuwa ya damu, na inaweza kuwa ya nyumba aliyotumikia. Kinyume chake pia kipo: mtoto wa suria, mtumwa wa kike aliyewekwa kinyumba na bwana wake, huchukua nisba ya baba kwa haki kamili, na mama yake ni Mnyasa, Mhabeshi au Msirkasi, mtu wa milima ya Kaukazi. Sayyida Salme, binti wa Sultani Sayyid Said, mama yake alikuwa suria wa Kisirkasi.

Mtazame pia Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu aliyezaliwa Fumba. Utotoni aliitwa Mtumwa. Siti ni jina alilopewa baadaye. Baba yake alikuwa Mnyamwezi na mama yake Mzigua. Katika maneno matatu ya "Siti binti Saad" hakuna hata moja linalotaja Unyamwezi wala Uzigua. Habari hiyo iliishi midomoni mwa watu.

Mwisho wa hatua hii, andika juu ya ukurasa wa mhamiaji: "Jina hili nadhani ni la aina ya ___, kwa sababu ___." Ukibaki na aina mbili, ziandike zote mbili. Ni bora kuliko kujilazimisha moja.

## Hatua ya 3: Waulize wazee maswali madogo

Swali kubwa huleta jibu la jumla. Ukimuuliza bibi "tunatoka wapi?" atakujibu "Arabuni", naye hakukosea, ndivyo alivyoambiwa.

Familia moja ya Wete ilinichukua kwa bibi yao mwenye karibu miaka tisini. Kwa miaka wameambiwa babu yao alikuwa Mwarabu. Baada ya shikamoo na kahawa nikamuuliza: "Bibi, babu akikasirika alikuwa akigomba kwa lugha gani?" Akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kanga, kisha akatoa sentensi nzima aliyoisikia utotoni, maana yake hajui. Tukairekodi. Jioni tukamsikilizisha mzee wa Kingazija, naye akaitambua kabla haijaisha, akaomba irudiwe. Tulipomrudia bibi kumuuliza babu alikuja msimu gani, alisema "na kusi". Kusi huvuma kutoka kusini na ndiyo iliyowaleta watu wa Ngazija. Majahazi ya Oman, Hadhramaut na Bara Hindi yalikuja na kaskazi. Dalili mbili zikakutana, na jina lao, ambalo lilikuwa jina la kawaida la Kiislamu, halikuwa limesaidia kitu.

Maswali yanayozaa matunda:

- Alisali msikiti gani, na akisimama kwenye sala mikono aliifunga au aliiteremsha? Maibadhi huteremsha, na Uibadhi ni dalili kubwa ya Oman. Kumbuka tu kwamba zipo familia za Kiomani zilizohamia Usunni.
- Alipofariki, nani walikuja kutoka mbali kwenye hitima? Nani alitumiwa habari kwa barua au simu ya upepo?
- Nani aliitwa ami au mjomba bila kuwa ndugu wa wazi? Wahamiaji wa kijiji kimoja huitana ndugu.
- Alikula nini ambacho nyumba nyingine hazipiki?
- Alifanya kazi kwa nani alipofika, na alilala nyumba ya nani usiku wa kwanza?

Muulize mzee mmoja mmoja, faraghani. Ukiwaweka pamoja, mkubwa atasema na wengine wataitikia. Habari za utumwa, usuria au mtoto wa nje ya ndoa usiziulize mbele ya wajukuu. Mzee akinyamaza, funga daftari, mzungumze mengine. Mara nyingi atalifungua mwenyewe siku nyingine.

Omba ruhusa kabla ya kurekodi, na ukikataliwa usirekodi kwa siri.

## Hatua ya 4: Fungua kasha

Katika nyumba nyingi karatasi zipo, ila hakuna anayezijua. Tazama ndani ya makasha, mabati ya biskuti na bahasha za vyeti vya zamani. Unatafuta hati za kununua au kuweka rahani mashamba na nyumba, hati za mirathi na wakfu, barua, pasipoti za kikoloni, na kurasa tupu za mwanzo na mwisho wa misahafu, ambako watu waliandika tarehe za kuzaliwa watoto wao.

Usiikunjue kwa nguvu karatasi iliyokauka, wala usiitie plastiki ya kugandisha kwa moto. Ipige picha mbele na nyuma karibu na dirisha, bila mwanga wa simu, kisha irudishe kwenye bahasha safi ya karatasi.

Soma hadi chini kabisa. Hati za shamba hutaja mashahidi na majirani wa kila upande: kaskazini fulani bin fulani, kusini fulani. Mhamiaji alinunua karibu na watu wake na akachukua mashahidi kutoka kwao. Mara nyingi nisba aliyoiacha yeye imeandikwa kamili kwenye jina la shahidi ambaye ni ndugu yake.

## Hatua ya 5: Liandike jina kwa sura zake zote

Jina lilipita mikononi mwa karani wa Kiarabu, karani wa Kigoa, ofisa wa Kiingereza na mwalimu wa skuli, na kila mmoja aliliandika alivyolisikia. Tengeneza orodha ya sura zote kabla ya kwenda ofisi yoyote. Badilisha hivi:

- kh, h na k: Khamis, Hamisi, Kharusi, Harusi, Karusi
- dh, z na th: Ramadhan, Ramazan, Harthy, Harithi
- gh na g: Ghassany, Gassani
- q na k: Mahruqy, Mahruki
- al, el au bila kitu: Al-Barwani, El-Barwani, Barwani
- y na i mwisho wa neno, na irabu moja au mbili: Riyamy, Riyami, Said, Saeed

Shemeji yangu familia yao inaandikwa Harusi kwa vizazi vitatu. Walidhani ni jina la mtoto aliyezaliwa siku ya harusi, na dhana hiyo haikuwa mbaya, kwa sababu Harusi ni jina la mtu hapa kwetu. Katika bati lao mlikuwa na hati ya rahani ya shamba la mikarafuu, imekunjwa mara nne, wino umegeuka rangi ya kahawa. Herufi ya kwanza ya jina ilikuwa haa tupu, bila nukta juu yake. Wakasema: haya, ni Harusi. Nikawaomba karatasi nyingine ya mkono ule ule. Ilikuwa risiti ndogo kama kiganja, na humo karani aliitia nukta: khaa. Tukarudi kwenye hati ya kwanza na kioo cha kukuzia. Pale ambapo nukta ilipaswa kukaa, mdudu ameitoboa karatasi.

Kwa hiyo usihukumu kwa karatasi moja. Nukta moja ndiyo inayotenganisha haa na khaa, na nyingine ikiwa chini inakupa jimu. Mwombe msomaji wako akuandikie herufi anazoziona, kando na jina analodhani linasomeka, maana aliyeshatajiwa jina huliona hata pasipokuwa na kitu.

## Hatua ya 6: Mfungie muda

Huwezi kufungua jalada la nyaraka bila kujua miaka. Wazee hawatakupa mwaka, watakupa zama, na zama zinatosha. Kwa masultani wa Unguja, Sayyid Majid alitawala 1856 hadi 1870, Barghash 1870 hadi 1888, Hamoud 1896 hadi 1902, Ali bin Hamoud 1902 hadi 1911, na Khalifa bin Haroub 1911 hadi 1960. Tufani kubwa iliyong'oa mikarafuu ya Unguja ilikuwa mwaka 1872. Mizinga ya Waingereza ilipigwa kwenye kasri tarehe 27 Agosti 1896.

Hati zenye mwaka wa Hijria, zidisha mwaka kwa 0.97 kisha ongeza 622. Mwaka 1315 unakupa kati ya 1897 na 1898. Ni makadirio, ruhusu mwaka mmoja mbele au nyuma.

Umefaulu ukiwa na dirisha la miaka kumi au kumi na tano ya kufika kwake. Zaidi ya hapo utazama kwenye majalada.

## Hatua ya 7: Sasa nenda ofisini

Nyaraka za Taifa, Kilimani. Uliza mapema utaratibu wa kibali na ada, hasa kama wewe si mkaazi. Ukifika usiseme "natafuta ukoo wangu". Sema: "Natafuta hati za mashamba za wilaya hii, kati ya miaka hii na hii," na uweke mezani orodha yako ya sura za jina. Nyaraka zimepangwa kwa ofisi iliyoziandika, hazikupangwa kwa koo. Za ubalozi mdogo wa Uingereza ziko peke yake, za sekretarieti ya serikali ya himaya ya Uingereza peke yake, za mahkama peke yake. Omba uone orodha ya kila fungu kabla ya kuomba jalada.

Kama hatua ya 2 ilikuelekeza kwenye utumwa, omba madaftari ya waliopewa uhuru. Amri ya tarehe 6 Aprili 1897 iliondoa utumwa mbele ya sheria, na uhuru ulitolewa kupitia mahkama, kwa maombi. Kwa hiyo kuna maandishi: jina la mtu, la bwana, mahali, na baadhi ya madaftari hutaja na kabila alilotoka. Tafuta kwa jina la bwana kwanza. Jina la mtumwa peke yake, Mabruki kwa mfano, litakupa mamia. Masuria walibaki nje ya amri ile hadi mwaka 1909, kwa hiyo usishangae bibi akikosekana.

Safu ya "kabila" katika karatasi za kikoloni isikutawale. Kuanzia sensa ya 1924 hadi ya 1948 waliojiandikisha Waswahili walipungua mno, na wengi wao hawakuhama wala kufa. Walijiandika Washirazi au Waarabu. Wakati wa vita vya pili mgao wa chakula uligawiwa kwa kabila, na kujiandika upande fulani kulikuwa na faida ya mchele. Baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 zipo familia zilizoacha kutumia nisba zao kabisa. Kila ukiona kabila limebadilika kati ya karatasi mbili, jiulize mwaka ule kulikuwa na nini.

Wakfu na mahkama ya kadhi. Mirathi na wakfu hutaja warithi kwa majina kamili na uhusiano wao, na mara nyingine mrithi aliye ng'ambo. Mrithi mmoja wa ng'ambo anaweza kukupa kijiji.

Makanisa na jamati. Mababu waliolelewa Mbweni au Kiungani na misheni ya Kianglikana, majina yao ya Kikristo walipewa huko. Karatasi nyingi za misheni hiyo ziko maktaba ya Bodleian, Oxford. Kwa Wagoa anza na madaftari ya ubatizo ya kanisa Katoliki la Mtakatifu Yosefu, Shangani. Kwa Makhoja na Mabohora, Waislamu wenye asili ya Kihindi, anza na jamati, yaani jumuiya yao yenyewe, na nenda na mtu anayejulikana pale.

Makaburi. Nenda asubuhi, jua likiwa upande, ndipo maandishi ya kuchonga yanaposomeka. Usipake chaki wala usikwangue.

## Hatua ya 8: Vuka bahari

Usiwaandikie watu wa ng'ambo mpaka uwe na vitu vitatu: jina katika sura ya kwao, dirisha la miaka, na jina la ndugu au mwenzake mmoja. Barua ya "mimi ni wa ukoo wenu" hupuuzwa, na huko Oman inaweza kueleweka kama madai ya mirathi au uraia. Anza hivi: "Natafuta habari za fulani bin fulani, aliyeondoka huko zama za Barghash, alinunua shamba Pemba, shahidi wake alikuwa fulani. Sina dai lolote."

Zipo familia Muscat, Ibra na Nizwa ambazo wazee wao bado wanasema Kiswahili. Hao ndio daraja lako. Kwa Ngazija uliza pia ukoo wa upande wa mama, maana nyumba na nasaba huko hufuata mama. Kwa walio na asili ya bara, Unyamwezi, Umanyema au Unyasa, jina la mtu aliyechukuliwa mtoto haliwezi kukupeleka kijijini. Huenda ukaishia kwenye kabila na njia ya msafara aliyopitia. Hayo ni matokeo kamili, yaandike kama yalivyo.

Kipimo cha vinasaba kiache mwisho. Kile kinachofuata ubaba kinaweza kupingana na nisba yenu kwa sababu zote tulizozitaja, na majibu yake ni ya ndugu zako wote, wala si yako peke yako. Waulize kabla.

## Hatua ya 9: Pima, kisha andika

Usitamke asili ya jina mpaka uwe na ushahidi wa aina mbili usiotokana na mtu mmoja. Simulizi la bibi na simulizi la mwanawe ni ushahidi mmoja. Simulizi la bibi na hati ya rahani ni ushahidi wa aina mbili. Kule Wete tulikuwa na lugha na msimu wa upepo, vyote kutoka kwa bibi yule yule, kwa hiyo tukaandika "yaelekea ni Ngazija" na kuendelea kutafuta, mpaka karatasi ya mirathi ilipotaja dada aliyebaki Moroni, mji wa Ngazija.

Chora nasaba kwa karatasi kubwa. Chini ya kila jina andika umelipata wapi na tarehe uliyolipata. Ya uhakika yapige wino. Yenye ushahidi mmoja yaache kwa kalamu ya risasi, na uache nafasi pembeni. Kisha mpelekee bibi umsomee kwa sauti, jina moja moja, kalamu ikiwa mkononi.